Pikapu Inayounganishwa Mombasa na Isiyouzwa Japani: Kwa Nini Baadhi ya Magari Hayapatikani Kwao

Katika gereji moja ya hapa Malindi, kando ya barabara iendayo Lamu, kijana mmoja alimwonyesha fundi video kwenye simu yake. Mmarekani alikuwa akilizunguka gari aina ya Toyota Land Cruiser la miaka ya tisini, pikapu ya kebini moja iliyopauka rangi, huku akieleza kwa furaha kubwa jinsi alivyolisubiri kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuliingiza nchini kwao. Kijana akauliza, "Ami, si hii ndiyo gari ya kwenda machumvini Gongoni? Mbona hawa wenye pesa zao waikose?" Fundi hakuinua kichwa. "Wamekatazwa, mwanangu. Gari hii haifi. Ikiingia kule, kampuni zao zitafunga milango." Mteja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akapinga: gari hilo, alisema, ni hatari kwa abiria, na ndiyo sababu wenyewe hawalitaki na sisi ndio tunaotupiwa.

Majibu hayo mawili nimeyasikia mara nyingi, barazani na katika vikundi vya simu, na kila moja lina punje ya ukweli iliyofunikwa na makapi mengi. Kwa kuwa watu wa pwani wanatumia akiba ya miaka kununua magari ya aina hii, na wapo wanaopoteza fedha kwa kutoelewa jambo hili, ni vyema tulifungue fundo lenyewe polepole.

Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo huchanganywa. Kuna nchi ambako kampuni ina makao yake, na hapo ndipo panapoitwa soko la nyumbani. Kuna nchi ambako gari huundwa au huunganishwa, na kuna nchi ambako gari huuzwa. Watu wengi hudhani kwamba nchi hizo tatu ni moja, au kwamba angalau soko la nyumbani ndilo linalopata bidhaa zote kabla ya wengine. Sivyo. Mvuvi wa Kizingitini huzamia kambakoche, lakini kambakoche huyo huliwa hotelini Shela, Malindi au Mombasa, na nyumbani kwa mvuvi watoto wanakula dagaa. Hakuna aliyewakataza watoto hao kambakoche, wala hakuna aliyesema kambakoche ni mbovu. Bei, wateja na njia za biashara ndizo zilizoamua aende wapi. Magari nayo huamuliwa hivyo, ila juu ya bei huongezeka sheria za ushuru, za usalama na za moshi.

Tuanze na Japani kwenyewe. Hilux ya kwanza, pikapu ya Toyota, ilitoka mwaka 1968 katika kiwanda cha kampuni ya Hino kilichoko Hamura, magharibi mwa Tokyo, na kwa miongo kadhaa Wajapani waliinunua kama watu wengine. Mwaka 2004 kizazi kipya cha Hilux kilipotoka, uundaji wake ulipelekwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina, na mauzo yake Japani yakakoma. Ilirejea huko mwaka 2017, ikitoka Thailand kwa meli, kwa hiyo Mjapani akawa anaagiza kutoka nje gari lenye jina la Kijapani. Katika miaka 13 hiyo yote hapakuwa na amri iliyokataza Hilux nchini humo. Wanunuzi wa pikapu walikuwa wamepungua sana, na isitoshe pikapu kama hiyo huandikishwa kule kama gari la mizigo na kukaguliwa kila mwaka, jambo ambalo mwenye gari la kawaida la familia hapitii.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile yenye pua ndefu na kioo cha mbele kilichosimama wima, ina kisa cha kushangaza zaidi. Ilianza kuuzwa Novemba 1984. Mwaka 2004 iliondolewa katika soko la Japani, ikarudishwa Agosti 2014 kwa muda mfupi kuadhimisha miaka 30 yake, ikiwa na injini ya petroli, ikaondolewa tena mwaka uliofuata, kisha ikarudi Novemba 2023 ikiwa gari lililofungwa nyuma, lenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na gia za kujibadilisha zenyewe. Katika vipindi vyote ambavyo Mjapani hakuweza kulinunua dukani, kiwanda cha Japani kiliendelea kuliunda na kulipeleka Australia, nchi za Ghuba na Afrika. Hapa kwetu pikapu ya kebini moja ya mfululizo huo imekuwa ikiunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kutokana na vipande vinavyoletwa katika makasha. Fikiria hilo: gari ambalo kijana wa Mombasa hulifunga bolti kwa mikono yake, mkulima wa Hokkaido hawezi kuingia dukani kwao akalinunua.

Ni kitu gani kilichoiondoa Land Cruiser hiyo Japani mwaka 2004? Jibu fupi ni moshi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu moshi ndio unaoeleza nusu ya mambo yote yanayofuata.

Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwatokea waandishi wa habari akiwa ameshika chupa ya plastiki yenye masizi meusi, akawaonyesha kile ambacho magari ya dizeli yalikuwa yakiwapulizia wakazi wa mji wake. Tarehe 1 Oktoba 2003 Tokyo na majimbo jirani yalianza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango kipya cha masizi, na sheria ya taifa iliyorekebishwa mwaka 2001 ikawabana pia wenye magari madogo ya dizeli katika maeneo ya miji mikubwa: gari lisilofikia kiwango halikuweza kuendelezewa usajili wake baada ya muda uliowekwa. Land Cruiser yenye injini nzito ya dizeli ikajikuta haina mahali pa kusimama.

Injini inayozungumzwa sana na mafundi wetu ni ile inayoitwa 1HZ. Ina silinda 6, ujazo wa lita 4.2, haina tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na imekuwapo tangu mwaka 1990. Dizeli yake husukumwa na pampu ya chuma inayozungushwa na injini yenyewe, bila kompyuta kuipangia dakika wala kiasi. Siku ile gerejini fundi alikuwa ameifungua mojawapo iliyoingiwa na maji katika dizeli. Alilegeza kizibo kidogo chini ya chujio, maji machafu yakatiririka ndani ya kopo la maziwa ya unga, kisha akakifunga na kuanza kubonyeza kwa kiganja pampu ndogo iliyo juu ya chujio, mara ishirini hivi, hadi ikawa ngumu mkononi. Akamwambia dereva apige stata. Injini ikakohoa mara mbili, ikatoa wingu jeusi, ikatulia. Hapakuhitajika kifaa cha kusoma makosa, na lau gari hilo lingefia njiani baina ya Lango Baya na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, dereva mwenye spana moja angeweza kufanya kazi hiyohiyo peke yake.

Injini mpya za dizeli ni viumbe wengine kabisa. Kompyuta hupima hewa na joto, dizeli hupulizwa kwa kani kubwa mno kupitia matundu membamba mno, na bomba la moshi lina chujio la kunasa masizi; nyingine huhitaji pia maji maalumu ya urea ya kupunguza gesi zenye sumu. Tofauti yake na injini kongwe ni kama ya jiko la kuni na jiko la gesi. Jiko la kuni hupokea mnazi, mkoko, kifuu au kibanzi cha mbao, na ukikosa kimoja unatia kingine, ila mpishi analia macho na dari inakuwa nyeusi. Jiko la gesi halichafui ukuta, lakini mpira ukipasuka au mtungi usipotoshana nalo, hakuna kinachopikwa siku hiyo.

Mafuta nayo yana neno lake. Dizeli huwa na salfa, na salfa huchosha vifaa vya kusafisha moshi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni, hatua kubwa na ya kupongezwa. Hata hivyo kiwango cha Marekani ni sehemu 15, na cha Ulaya na Japani ni 10. Kampuni inapoamua injini ipi iende wapi, hutazama tarakimu hizo kwanza. Kwa hiyo anayesema kwamba tunapewa injini kongwe kwa kudharauliwa hajakosea kuona kwamba ni kongwe, bali ameikosa sababu: injini hiyo imebaki kwetu kwa kuwa inahimili mafuta yetu, barabara zetu na umbali wa gereji zetu. Upande wa pili lazima usemwe pia, na kwa sauti ileile. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutangaza moshi wa dizeli mwaka 2012 kuwa ni chanzo cha saratani kwa binadamu. Wingu lile jeusi la gerejini halikwenda mbali. Liliingia katika vifua vya sisi tuliokuwa pale, akiwamo mtoto wa muuza mahamri aliyekuwa amesimama karibu na bomba.

Kuku aliyezuia pikapu

Kwa Marekani, kisa kinaanza na kuku. Mwanzoni mwa miaka ya sitini wafugaji wa Marekani walikuwa wakiuza kuku wa bei nafuu Ulaya, na mwaka 1962 nchi za soko la pamoja la Ulaya, zikiwamo Ujerumani Magharibi na Ufaransa, zikapandisha ushuru wa kuku hao. Mazungumzo yaliposhindikana, Rais Lyndon Johnson alijibu Desemba 1963 kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 juu ya wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi, akilenga hasa magari ya mizigo ya Volkswagen. Bidhaa nyingine ziliondolewa katika orodha hiyo baadaye. Malori mepesi, pamoja na pikapu, yakabaki, ilhali ushuru wa magari ya abiria kwa miongo mingi ulikuwa asilimia 2.5 tu.

Tofauti hiyo ya mara kumi ndiyo iliyozifanya kampuni zifanye mambo ya ajabu. Subaru iliingiza pikapu yake ndogo ya BRAT ikiwa imefungiwa viti viwili vya plastiki kwenye sehemu ya mizigo, ili ihesabiwe kuwa gari la abiria. Ford ilileta magari ya Transit Connect kutoka Uturuki yakiwa na viti na madirisha ya nyuma, kisha ikaving'oa yalipokwisha kupita forodhani. Mzozo wake na serikali kuhusu ushuru huo ulimalizika mwaka 2024 kwa Ford kukubali kulipa dola milioni 365. Ukiwaona matajiri wanahangaika kiasi hicho kuukwepa ushuru, utaelewa kwa nini kampuni nyingine ziliona ni afadhali ziunde pikapu palepale Marekani. Toyota ilifanya hivyo: mwaka 1995 iliacha kuuza Hilux nchini humo na kuweka mahali pake Tacoma, gari lililobuniwa kwa ajili ya wanunuzi wa kule.

Kwa hiyo ile kauli ya fundi kwamba "wamekatazwa" ina ukweli wa upande mmoja. Ushuru huo kweli uliwakinga waundaji wa Marekani dhidi ya washindani, lakini haukulitaja gari lolote kwa jina wala haukujali linadumu au halidumu. Wengine huongeza kwamba marufuku hiyo ilitokana na vita, kwa kuwa pikapu hizi hufungwa bunduki. Ni kweli kwamba mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyashinda ya Libya jangwani yakiwa juu ya pikapu za Toyota, hata mapigano hayo yakaitwa Vita vya Toyota. Ushuru wa kuku, hata hivyo, ulikuwa umetimiza zaidi ya miaka 20 wakati huo.

Mlango unaofunguliwa kwa uzee, na mlango unaofungwa kwa uzee

Mbali na ushuru, kila nchi kubwa ina masharti ya usalama: mikanda, mikoba ya hewa, taa, nguvu ya milango gari linapogongwa ubavuni. Kutimiza masharti hayo hugharimu fedha nyingi, na magari kadhaa huvunjwa katika majaribio kabla ya moja kuuzwa. Iwapo wanunuzi watakuwa wachache, kampuni haioni faida. Land Rover Defender iliondoka Marekani mwaka 1997 kwa sababu haikuwa na mikoba ya hewa iliyokuwa inaanza kulazimishwa. Hapa ndipo yule mteja wa benchini alipogusa ukweli wake, lakini asidhani kwamba jina moja la gari lina usalama wa aina moja duniani kote. Nchini Australia, Land Cruiser ya kebini moja ilipata nyota 5 za majaribio ya ajali mwaka 2016 baada ya kuimarishwa na kuongezewa mikoba ya hewa. Anayenunua gari lenye sura hiyohiyo kwingineko aulize lake lina mikoba mingapi, asiazime nyota za Waustralia.

Yule Mmarekani wa kwenye video alisubiri nini, basi? Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inazuia mtu binafsi kuingiza gari lisilotimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo hadi litimize miaka 25 tangu kuundwa. Kanada ni miaka 15. Baada ya hapo gari huhesabiwa kuwa kongwe na mlango hufunguliwa, hata kama usukani uko kulia. Ndiyo maana wapenzi wa magari wa kule huhesabu siku za kuzaliwa za Hilux na Land Cruiser kama mzazi anayehesabu siku za mtoto kuanza shule.

Kenya imeweka sheria inayokwenda upande wa pili kabisa. Gari la mtumba linaloingia lisiwe limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka 2025 lilipaswa kuwa limesajiliwa kuanzia mwaka 2018. Usukani uwe kulia, isipokuwa kwa baadhi ya magari ya kazi maalumu. Kule gari la nje hukubaliwa likizeeka, kwetu hukubaliwa likiwa bado lina ujana wake. Land Cruiser ya mwaka 1998 inaweza kuteremshwa bandarini Baltimore kihalali, na hiyohiyo ikarudishwa ilikotoka ikifika Kilindini.

Jambo hili linajibu pia swali ambalo huulizwa na wenye ndugu zao Marekani: je, shemeji yangu anaweza kunitumia Tacoma? Usukani wake uko kushoto, kwa hiyo jibu ni hapana, na haijalishi ni mpya kiasi gani.

Yapo mambo ambayo anayetaka kununua anapaswa kuyapima kwa yale tuliyokwisha kueleza. Jirani yangu alilipa malipo ya awali kwa wakala mmoja aliyemwahidi pikapu ya Land Cruiser ya kebini moja, ya mwaka 2018, "iliyotumika Japani na mwalimu mstaafu." Tarehe pekee zingetosha kumwonya. Mwaka 2018 gari hilo halikuwa likiuzwa Japani kabisa, na hata lilipouzwa 2014 na 2015 pikapu yake ilikuwa ya kebini mbili na ya petroli. Gari halali la namna hiyo lingeweza kutoka Australia au nchi nyingine inayoendesha upande wa kushoto wa barabara, au lingekuwa limenunuliwa jipya hapahapa Kenya. Hilux vilevile: zilizouzwa Japani tangu 2017 ni za kebini mbili na za dizeli, hivyo tangazo la Hilux ya kebini moja "kutoka Japani" ya miaka hiyo linastahili maswali mengi kabla ya senti moja kutumwa.

Hali hizi hazidumu milele, na Suzuki Jimny ni ushahidi. Jimny ya milango mitano iliundwa India na kuuzwa huko tangu 2023, huku Wajapani wakiitazama kwa mbali. Ilipofunguliwa kwao Januari 2025, maombi yalifika takriban 50,000 kwa siku chache tu, na kampuni ikalazimika kusimamisha kupokea mengine.

Kabla sijaondoka gerejini nilimwomba fundi anionyeshe namna ya kujua gari lilitengenezewa wateja wa wapi. Alichukua kitambaa chenye dizeli, akasugua bamba dogo la bati lililopigwa ribiti kwenye ukuta wa ndani ya boneti, vumbi la chumvi likatoka, herufi zikaonekana: HZJ79R. Akaweka kidole juu ya kila sehemu. HZ ni injini, ile ya 1HZ. Kama ingeanza na VD ingekuwa dizeli ya V8, yaani ya silinda nane, GR ni petroli, GD ni ile mpya ya lita 2.8. J79 ni pikapu ndefu ya mfululizo wa 70. R ni usukani wa kulia. Baada ya kistari hufuata herufi nyingine, na ya mwishoni huweza kutaja soko, kwa mfano Q kwa Australia na V kwa Ghuba. Kijana aliyekuwa na video alikuwa amekwisha kuizima, ameinama chini ya boneti, anapiga picha bamba lile.